Mtama uliokunja majani saa nane mchana haujafa

Tangu mvua ikate mwezi huu wa Februari, swali linalonifuata kila kijiji ni hilo hilo: "Bwana shamba, mtama umekunja majani, nipulizie busta gani?" Busta ni zile chupa za mbolea ya majani zinazouzwa kama dawa ya kuupa mmea nguvu. Wiki iliyopita mama mmoja wa huku Chamwino alinipokea shambani saa nane mchana, bomba tayari mgongoni. Nikamwomba alitue kwanza. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Dhana: Jani likijikunja mchana, mmea una njaa au unakufa.

Hapana. Unajilinda. Mizizi ikianza kukosa maji, asidi ya absisiki huongezeka kwenye majani. Homoni hii ndiyo inayoziamuru seli mbili zinazolinda kila stomata, yaani tundu dogo la jani la kupitishia hewa na mvuke, kumwaga potasiamu. Maji nayo yanafuata, seli zinalegea, tundu linafunga. Kule kujikunja kunatokana na seli kubwa za upande wa juu wa jani kunywea, na faida yake ni kwamba eneo linalopigwa na jua linapungua.

Kufunga matundu kuna gharama yake, na hapo ndipo wauza chupa za busta wanapopatia soko. Hewa ya ukaa haiingii tena vya kutosha, lakini jua la Dodoma halipunguzi ukali kwa ajili hiyo. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inaendelea kunasa mwanga, elektroni zinakosa pa kwenda, zinaishia kwenye oksijeni na kuzaa superoksidi, oksijeni yenye madhara, ambayo hugeuzwa kuwa haidrojeni peroksidi. Hizo mbili zikizidi, zinaharibu tando za seli. Lakini jani halikai tu likisubiri kuungua. Lina vimeng'enya vya kuzizima, superoksidi dismutesi na katalesi, lina vitamini C na glutathioni za kusaidia kazi hiyo, na vyote hivyo linajitengenezea lenyewe. Tena peroksidi ikiwa kidogo ni ujumbe: inasaidia stomata kufunga na kuamsha ulinzi zaidi.

Sasa wewe unakuja na chupa "ya kuongeza kinga" saa nane. Stomata zimefungwa, matone yanakauka kabla hayajapenya, chumvi ya mbolea inabaki juu ya jani na kuliunguza. Fedha imekwenda na jani umelijeruhi!

Yule mama nilimwambia tukutane kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuta majani yamekunjuka, mapana, yana umande. Tukachimba kina cha kiganja: juu vumbi, chini udongo ulishikamana nilipoufinya. Bomba likabaki ndani. Kwa hiyo ushauri wangu, na nitaurudia hata mkinichoka, ni huu: mtama upimwe alfajiri, usipimwe mchana. Jani ambalo alfajiri bado limejikunja ndilo la kuhofia, na hilo linataka maji, halitaki chupa. Maji hayo huvunwa mapema, kwa samadi na kwa matuta yaliyofungwa, yaani yenye vizuizi kwenye mifereji ili maji yasikimbie, kabla mvua za Desemba hazijatulia.

Dhana: Majani ya chini yakiwa njano wakati wa ukame, weka urea.

Mmea unahamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kupeleka machanga. Urea juu ya udongo mkavu haifiki kwenye mzizi. Ikipata umande kidogo na joto, sehemu yake hupaa kama amonia. Subiri mvua.

Dhana: Madoa mekundu kwenye jani la mtama ndiyo ugonjwa wenyewe.

Wekundu huo mtama unautengeneza wenyewe kuzunguka jeraha. Tafuta kilichojeruhi, kiwe mdudu au ukungu, kabla ya kununua dawa.

Dhana: Homoni ni kirutubisho, haiwezi kudhuru.

Hii inaniumiza zaidi nikiwa kwenye zabibu. 2,4-D, dawa ya magugu mnayopuliza kwenye mahindi na mtama, inaiga oksini, homoni ya ukuaji wa mmea. Inaua magugu ya majani mapana kwa kuvuruga ukuaji wake, na mzabibu una majani mapana. Upepo ukiihamisha kidogo tu, majani machanga hutoka membamba, yamekunjamana kama feni, mishipa imesongamana, na mkulima anaambiwa ni virusi. Nimeona mizabibu iking'olewa kwa kosa la shamba la jirani. Usipulize kukiwa na upepo, mwambie jirani mwenye zabibu siku moja kabla, na bomba la dawa hiyo lipigwe rangi nyekundu, lisiingie kwenye zabibu hata likioshwa mara tatu.