Kisome Kiko Kabla ya Kukisugua: Dhana Potofu Kuhusu Viko vya Zamani

Wengi wanaoanza kukusanya viko vya zamani huanza kwa kusugua. Mtu anakuta kiko kwenye rundo la mtumba, bakuli limejaa masizi, mrija umegeuka rangi ya matope, naye moja kwa moja anashika msasa. Viko vilivyohimili miaka sitini ya moto na meno hufia mikononi mwa mtu aliyevipenda, tena kwa alasiri moja. Inaniuma kila nikiona, maana chanzo huwa ni yale yale tunayoambiana bila kuyapima.

“Kiko ni kitu cha Wazungu”

Neno lenyewe linakataa. Pwani kwetu kiko kilikuwa kifuu cha nazi chenye maji, juu yake digali, yaani mrija, lililobeba bori, bakuli la tumbaku na kaa la moto. Moshi ulipita majini kabla ya kufika kinywani, na ule mbubujiko ndio wazee walioita malio ya kiko. Tulipoletewa kiko cha mti kisicho na maji, tulikipa jina tulilokuwa nalo.

Jina hilo likasafiri. Katika karne ya 20 Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vyenye mhuri wa KIKO, vingine vikiwa na picha ya tembo. Leo ukipekua minada ya viko Ulaya na Marekani utakuta watu wasiojua Kiswahili hata salamu wakibishania bei ya “Kiko” kilichotoka Tanganyika. Vipo vilivyotengenezwa kwa mti na kutandikwa jiwe la mershamu (meerschaum) ndani ya bakuli, na vingine vimevishwa ngozi iliyoshonwa. Ukikuta kimoja nyumbani kwa babu, usikitupe.

“Mershamu ni povu la bahari, na hutoka Uturuki tu”

Jina ni la Kijerumani na kweli maana yake ni povu la bahari. Lakini mershamu ni madini, sepiolaiti, yenye magnesi na silika, na huchimbwa ardhini. Likikauka vizuri jiwe hili huelea majini, kwa sababu limejaa vitundu vidogo mno. Vitundu hivyo ndivyo vilivyowavutia wachongaji: jiwe hunyonya unyevu na mafuta ya tumbaku, na moshi unafika mdomoni mkavu.

Uturuki, hasa Eskişehir, ndiko linakotoka jiwe jeupe linalosifiwa zaidi. Ila jingine liko kwetu, bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na upande wa Tanzania lilichimbwa Sinya, wilayani Longido, kaskazini-magharibi mwa Kilimanjaro. Ni zito kuliko la Uturuki na weupe wake si safi kama ule, ndiyo maana viko vyake vingi vilipakwa rangi ya kahawia au nyeusi tangu kiwandani. Jiwe la Amboseli lilifika hata Laxey, katika Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, likachongwa viko huko.

Hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Mtu anashika Kiko chenye mabaka ya kahawia, anadhani ni uchafu, anakipiga msasa mpaka jiwe linakuwa jeupe kama chokaa. Rangi ile ni sehemu ya kitu chenyewe. Hata kwa mershamu nyeupe ya Uturuki, inayochovywa kwenye nta ya nyuki inapomalizwa, rangi ya asali inayojitokeza taratibu baada ya miaka ya kuvutwa ndiyo inayopandisha bei. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha kwa nje. Usililoweke jiwe hili, kwa maana likinywa maji hulainika na kukwaruzika hata kwa ukucha.

“Ukiona mihuri ya fedha, basi ni fedha”

Mfano ninaoupenda ni Peterson, kampuni ya viko ya Dublin. Kwenye pete ya chuma ya viko vyao vingi kuna alama tatu ndogo zilizopangwa mstari: jani la shamroki, mbwa wa kuwindia na mnara wa mviringo. Zinafanana kabisa na mihuri ya sonara, na wauzaji wengi huandika “fedha halisi” kwa nia njema. Sivyo. Hizo ni alama za kampuni, na pete ni ya nikeli. Fedha iliyopimwa Dublin huwa na kinubi chenye taji, mwanamke Hibernia aliyeketi, na herufi ya mwaka. Ukiipata herufi hiyo, umeupata mwaka pete ilipopimwa, na kwa kawaida kiko hakiko mbali na hapo.

Hata jina la nchi hutoa umri. Kiko cha Ireland chenye maneno “Irish Free State” ni cha kati ya 1922 na 1937, na chenye neno “Republic” ni cha kuanzia takriban 1949. Kwetu vivyo hivyo: jina Tanzania lilianza kutumika 1964, kwa hiyo kiko kilichoandikwa “Made in Tanganyika” kwa kawaida ni cha kabla ya hapo.

Lakini tarakimu hudanganya pia. Viko vya zamani vya Dunhill vya London huwa na namba 5861/12. Watu husoma 12 wakasherehekea kiko cha 1912. Huo ni mwaka wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kibomba cha ndani, na mhuri huo uliendelea kugongwa miaka mingi baadaye. Ufunguo wa mwaka wa Dunhill ni tarakimu ndogo inayofuata herufi D ya mwisho katika neno ENGLAND. Nayo nukta nyeupe juu ya mrija ilianza kama msaada tu wa kumwonyesha mvutaji upande wa juu ni upi. Wengine pia waliweka nukta: Joel Sasieni, aliyewahi kufanya kazi kwa Dunhill, aliweka zake za buluu.

Sasa fikiria msasa ukipita juu ya maandishi haya yote. Ndiyo maana nasema kisomwe kwanza. Ninapong'arisha shingo, mahali penye mhuri nafunika kwa utepe wa karatasi na sipagusi kabisa.

“Mrija uliogeuka kijani umeoza”

Haujaoza. Mirija mingi ya zamani ni ya vulkaniti, yaani raba iliyopikwa na salfa, ufundi ambao Charles Goodyear aliuwekea hataza Marekani mwaka 1844. Jua na hewa huivuta salfa juu, mrija unafifia, unakuwa kahawia au kijani na kunuka kidogo, na ladha yake ni chungu. Chini ya ngozi hiyo nyembamba raba bado ni nyeusi tititi.

Ushauri wa kuuloweka kwenye jiki ni mbaya. Jiki huondoa kijani kweli, lakini huacha uso wa mrija umejaa vishimo vidogo kama ganda la chungwa, na utatumia muda mrefu zaidi kuvisawazisha. Tumia msasa wa maji, anza na namba 600 au hivi, panda polepole hadi ile laini kabisa, mwisho paka nta ya karnauba. Mkono huchoka. Hakuna njia ya mkato niliyoiona ikileta weusi ule ule.

Alama za meno nazo hurudi. Vulkaniti hukumbuka umbo lake: ukiupitisha mrija haraka haraka juu ya mwali wa mshumaa, kibonyeo hupanda chenyewe huku ukiangalia. Akriliki haina kumbukumbu hiyo, kwa hiyo usiijaribishe motoni.

“Ukoko ukiwa mnene, kiko kimekomaa”

Ni kweli kwamba bakuli la mti huhitaji ukoko wa kaboni unaolikinga na moto. Mti wenyewe, *Erica arborea* wa ukanda wa Mediterania, hukatwa kwenye kinundu kilicho kati ya shina na mizizi kwa sababu hapo hustahimili joto. Lakini ukoko unene usizidi milimita moja hivi. Ukizidi, hutanuka kwa moto tofauti na mti, na bakuli hupasuka. Upunguze kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, si kwa kisu. Kwenye mershamu, ukoko hautakiwi kabisa.

Harufu ya zamani hutolewa kwa kujaza bakuli la mti chumvi ya mawe na kudondoshea spiriti safi, ukiliacha usiku kucha. Asubuhi chumvi inakuwa kahawia kama chai. Ile spiriti ya zambarau ya majiko ina sumu, usiitumie kwa kitu kinachokwenda mdomoni. Na hata ile safi isiguse nje, itayeyusha vanishi.

“Kadiri kilivyo cha kale, ndivyo kilivyo ghali”

Hapana. Viwanda vya Saint-Claude, Ufaransa, na vya London vilimwaga viko kwa wingi, na vingi ni vya bei ndogo hata leo. Mchongaji, hali na mhuri unaosomeka hutangulia umri.

“Kiko hakina madhara kwa sababu moshi haumezwi”

Hii siwezi kuipita. Moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa hata usipoivuta ndani. Kukusanya hakumlazimishi mtu kuvuta. Mimi sivuti. Viko vyangu vinakaa kwenye droo ya mbao, gizani, kila mrija umefungwa kitambaa kikavu ili mwanga usiufikie, na kile cha Tanganyika kiko peke yake upande wa kushoto, mabaka yake ya kahawia yakiwa vile vile nilivyoyakuta.