Godauni liko Kibirizi, ramani inasema liko ziwani

Dereva wa semi kutoka Dar alinipigia simu saa tisa alasiri, sauti imemkauka. Namba yangu alipewa na mwenye godauni, mzee mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amenipa kazi ya kumnyooshea biashara yake kwenye ramani ya Google. "Kaka, hii simu inasema nimefika, na mimi mbele yangu naona maji." Nikafungua ramani. Kweli bwana, pini ya godauni ilikuwa imekaa ndani ya Ziwa Tanganyika, kama mita mia mbili kutoka ufukweni.

Kabla sijaisogeza, nikatazama na mengine aliyoyajaza kwenye akaunti yake ya biashara ya Google. Saa za kazi: kufungua 2:00, kufunga 12:00. Mzee alijaza kama tunavyohesabu sote, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Google haijui hesabu hiyo. Kwake 2:00 ni saa nane ya usiku na 12:00 ni adhuhuri. Basi kila siku, kuanzia saa sita mchana, aliyelitafuta godauni lile alisoma kwa maandishi mekundu kwamba limefungwa, na huku geti liko wazi na vibarua wanashusha sementi. Tukaandika 08:00 na 18:00, tukamaliza. Nimekuta kosa hilo hilo kwenye duka la vipuri na kwenye gesti, kwa hiyo kama unasoma haya ukiwa na simu mkononi, nenda kaangalie yako kwanza.

Biashara ya kuhifadhi mizigo hapa kwetu ina tabia yake. Mtu wa Kigoma akitaka stoo haingii Google; anauliza Mwanga sokoni na kabla ya jioni ameshaonyeshwa. Anayekutafuta mtandaoni ni mfanyabiashara wa Bujumbura kule Burundi, au wa Uvira au Kalemie upande wa Kongo, ambaye mzigo wake umeshatoka bandari ya Dar, au wakala aliyeko Dar mwenye mabehewa yanayokuja na reli ya kati. Reli hiyo ilifika hapa mwaka 1914, na mpaka leo mzigo ukishushwa stesheni kabla boti haijawa tayari, lazima ulale mahali. Huyu anayetafuta pengine hajawahi kukanyaga Kigoma. Anajua kuna ziwa, kuna bandari, basi.

Google wenyewe wanasema matokeo ya ramani yanapangwa kwa mambo matatu: biashara yako inaendana kiasi gani na kilichoandikwa, iko umbali gani na mahali panapotafutwa, na inajulikana kiasi gani. Umbali huna la kuufanya zaidi ya kuweka pini pake. Wanasema pia kwamba nafasi hizo hazinunuliwi. Kijana akikuambia umlipe laki mbili akuweke wa kwanza, mpe chai aende zake.

Kwenye kuendana ndiko kwenye kazi, na kazi yenyewe ni maneno. Neno sanifu ni ghala, lakini hapa Tanzania ukiandika ghala unaingia kwenye habari za stakabadhi ghalani, mfumo wenye sheria yake ya mwaka 2005 na leseni zake, mambo ya mazao na minada. Kama huna leseni hiyo, usiyaguse maneno hayo. Utapigiwa simu na vyama vya ushirika wakikuuliza mnada ni lini. Wateja wanaonipigia mimi wanasema godauni. Wenye mzigo mdogo wanasema stoo. Mkongo anasema depo, na Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa anaandika entrepôt. Yote hayo yana nafasi kwenye maelezo ya biashara na kwenye tovuti, ndani ya sentensi za kawaida: "Tunakodisha godauni na stoo karibu na bandari." Aya moja ya Kifaransa kwenye tovuti nayo haikuvunjii heshima.

Pasipo na nafasi ni kwenye jina. Mteja wangu mwingine, kabla hajanifikia, alijiandikisha kwa jina refu lenye "godauni bora la kukodi Kigoma bei nafuu" ndani yake. Kanuni ya Google inataka jina lile lile lililoko kwenye kibao chako. Akaunti ilisimamishwa, na kuirudisha ilituchukua muda mrefu kuliko kufungua mpya, ingawa mpya nayo isingeruhusiwa wakati ile ya kwanza bado ina kesi.

Kibao chenyewe ndicho kilichotutesa kwa yule mzee. Siku hizi mara nyingi uthibitisho wa Google kwamba biashara ipo na ni yako unafanywa kwa video: unarekodi bila kukata, unaonyesha barabara na majirani, unaonyesha jina la biashara, halafu unaonyesha kitu ambacho mwenye mali tu anaweza kukifanya. Mzee hakuwa na kibao, miaka yote watu wanapajua kwa mwembe. Tukamwita fundi rangi, akaandika jina ukutani kwa bluu. Kesho yake mzee akatembea mbele yangu, akatoa funguo mfukoni, akafungua kufuli kubwa la geti, akaingia ofisini akaonyesha leseni ya biashara. Dakika mbili. Kupandisha video ile kwa mtandao wa mchana kulishindikana mara tatu. Ilikubali saa kumi alfajiri.

Pini tuliiweka kwenye geti la malori, siyo katikati ya paa. Bajaji inaweza kuzunguka nyuma, semi haiwezi. Kwenye ramani utaona pia msimbo mfupi wenye alama ya kujumlisha, unaoonyesha mahali penyewe. Unakopi, unamtumia dereva kwa WhatsApp pamoja na jina la mji, anafika. Kwa mahali panapoelekezwa kwa mwembe, huo ni msaada mkubwa.

Picha: acha ile ya mbele yenye jua zuri. Mwenye mzigo anataka kuona sakafu, chaga za kupandishia mifuko, paa kwa ndani, upana wa geti na semi ikiwa imeegeshwa. Tangu ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni, swali la kwanza kutoka Bujumbura ni kama maji yanafika. Piga picha kutoka getini ukitazama ziwani, umbali ujieleze. La pili ni mzigo wa jirani. Hakuna mwenye unga anayetaka kulala na dagaa au mapipa ya mawese, kwa hiyo andika wazi kama una vyumba tofauti.

Maoni ya wateja usiyanunue, hairuhusiwi, na hata punguzo la bei kwa ajili ya nyota tano linahesabika ni kununua. Omba siku mtu anapochukua mzigo wake, wakati mifuko inahesabiwa na hana la kufanya. Mwambie aandike alihifadhi nini na kwa muda gani.

Kama ulijiunga zamani, kagua viungo vyako. Tovuti za bure zilizotengenezwa ndani ya akaunti za biashara Google walizifunga Machi 2024, na sehemu ya kuchati wakaiondoa Julai mwaka huo huo. Nimeona vipeperushi mjini bado vina anwani hizo zilizokufa. Weka namba moja ya WhatsApp, iwe hiyo hiyo kwenye ramani, Facebook na ukutani. Na kumbuka Bujumbura na Kalemie wako nyuma yetu kwa saa moja: wao wakipiga saa kumi na moja na nusu jioni, wewe umeshafunga. Mzee amekubali mlinzi abaki na simu mpaka saa mbili usiku.

Mwisho tulimwomba shemeji yake aliyeko Bujumbura aandike "godauni Kigoma" na atutumie picha ya kioo cha simu. Tulikuwa wa tatu. Picha iliyotokea mbele siyo moja ya zile nilizopiga. Ni ya mteja fulani, mbuzi wawili wamelala chini ya lile jina jipya la bluu ukutani. Mzee kanikataza nisiombe itolewe. Anasema mbuzi hawalali penye maji.