Je, Wajua? Kwa Nini Wademokrati 60 Walishindwa Kupitisha Sheria ya Tabianchi na 50 Wakaweza

Mwaka 2009 chama cha Democratic nchini Marekani kilikuwa na Rais Barack Obama Ikulu, wingi mkubwa katika Baraza la Wawakilishi na, kwa miezi kadhaa, viti 60 kati ya 100 vya Seneti, ukiwahesabu maseneta wawili huru waliokaa upande wake. Muswada wake mkuu wa tabianchi ukafia Seneti bila hata kupigiwa kura. Mwaka 2022 chama hicho hicho kilikuwa na viti 50 tu na kura ya Makamu wa Rais Kamala Harris ya kuvunja sare, na kikapitisha sheria iliyotengewa takriban dola bilioni 369 za nishati na tabianchi, kiasi ambacho nchi hiyo haikuwahi kukikaribia. Ilikuwaje waliopungua wakaweza kilichowashinda waliojaa?

Jibu nililokuwa nalo mimi kwa miaka mingi lilikuwa jepesi na lilikuwa la makosa. Niliamini kwamba ndani ya chama hicho kuna kundi la wahafidhina, aghalabu kutoka majimbo ya kusini na ya vijijini, ambao ni Warepublican waliovaa kanzu ya kuazima, na kwamba kazi yao ni kukwamisha kila jambo linalohusu hewa ukaa. Kwa mantiki hiyo, mwaka 2009 walikuwa wengi, mwaka 2022 walikuwa wachache, na hesabu imekwisha. Tatizo la maelezo haya ni kwamba ukiziangalia kura zenyewe, jina kwa jina, yanameguka mkononi.

Tuanze na kura ya tarehe 26 Juni 2009, Baraza la Wawakilishi lilipopitisha muswada wa Henry Waxman na Edward Markey, uliotaka serikali iweke kikomo cha gesi joto na kuviruhusu viwanda kuuziana vibali vya kuzitoa. Ulipita kwa kura 219 dhidi ya 212, na Wademokrati 44 waliukataa. Hadi hapo nadharia yangu inasimama. Lakini miongoni mwa waliouunga mkono alikuwemo Rick Boucher, mbunge wa eneo la makaa ya mawe huko Virginia, ambaye kabla ya kukubali alihakikisha kwamba kampuni za umeme zinazotegemea makaa zinapewa vibali vingi bure. Muswada ulipofika ukumbini, takriban asilimia 85 ya vibali vya miaka ya mwanzo vilikuwa vya kugawiwa bila malipo. Alikuwemo pia Collin Peterson wa Minnesota, mwenyekiti wa kamati ya kilimo na mhafidhina asiyejificha, ambaye alivuta masharti yawafae wakulima na watengenezaji wa ethanoli, kisha akapiga kura ya ndiyo. Wahafidhina hawa hawakuua muswada. Waliupasua, wakaushona upya kwa kipimo chao, wakauvaa.

Upande wa pili kuna wasiokuwa wahafidhina hata kidogo. John Dingell wa Michigan alipigania bima ya afya kwa wote kwa zaidi ya nusu karne, lakini kwa sababu wapiga kura wake walikuwa wakiunda magari, alikuwa kikwazo cha muda mrefu kwa viwango vikali vya matumizi ya mafuta, hadi wenzake walipomwondoa kwenye uenyekiti wa kamati ya nishati mwezi Novemba 2008 kwa kura 137 dhidi ya 122. Jay Rockefeller wa West Virginia naye hakuwa mhafidhina, ila tarehe 10 Juni 2010 alikuwa mmoja wa maseneta sita wa chama chake waliounga mkono azimio la Lisa Murkowski, Mrepublican wa Alaska, la kuipokonya mamlaka ya mazingira uwezo wa kudhibiti gesi joto. Azimio lilishindwa kwa kura 47 dhidi ya 53. Na nani alilipinga? Robert Byrd, seneta mwenzake wa jimbo hilo hilo la makaa, mzee aliyekuwa ameongoza mwaka 1997 azimio lililopita kwa kura 95 kwa sifuri la kuikataa mapema aina ya mkataba wa kimataifa wa tabianchi uliokuwa ukiandaliwa Kyoto, Japani. Alipiga kura hiyo ya 2010 siku kumi na nane kabla ya kufariki.

Kwa hiyo neno "mhafidhina" linasaidia kidogo. Linalosaidia zaidi ni kuuliza ardhi ya jimbo ina nini chini yake na viwanda vyake vinaunda nini. Lakini hata hilo halijibu swali letu, kwa sababu West Virginia ya 2022 ilikuwa bado inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka makaa ya mawe, na seneta wake ndiye aliyefungua mlango.

Hapa tuache siasa kidogo tukodi basi. Chukulia watu wa mtaa mmoja wanakwenda harusini mbali, na mwenye basi hawashi injini mpaka nauli hamsini zitimie. Watu arobaini na tisa wamekwisha kulipa na wametangaza hadharani kwamba wanakwenda, iwe isiwe. Aliyebaki ameshika nauli yake mkononi, hajasema ndiyo wala hapana. Nauli yake ni sawa na ya wengine, lakini yeye peke yake ndiye mwenye uwezo wa kusema: basi lipitie kwangu kwanza, na muziki upunguzwe. Wengine watanung'unika, kisha watapitia kwake, kwa kuwa wenye hamu kubwa ya safari ndio wenye uwezo mdogo wa kushuka. Uhafidhina wake haumpi nguvu hiyo. Anaipata kwa sababu hajalipa.

Sasa badili masharti: mwenye basi anataka nauli sitini, na wasiolipa ni kumi na zaidi, kila mmoja anakaa upande wake wa mji. Wa makaa anataka lipitie kwake, wa mafuta ya Louisiana kwake, wa mashamba ya Nebraska kwake, na kila mchepuko unaomridhisha mmoja unamweka mwingine mbali zaidi, huku waliolipa mapema wakianza kuuliza kama harusi itakuwa bado ipo. Ndiyo Seneti ya 2009 na 2010. Kanuni zake zinaruhusu wachache kuzuia mjadala usifungwe mpaka zipatikane kura 60, na tarehe 22 Julai 2010 kiongozi wa wengi, Harry Reid, alitangaza kwamba kura hazipo.

Msomaji makini atauliza kwa nini mwaka ule hawakutumia sharti la kura 50. Upo kweli mlango wa pembeni: miswada ya bajeti hupita kwa wingi wa kawaida. Kinachofurahisha, kwa wanaofurahia mambo kama haya, ni kwamba mlango ule waliufunga wenyewe. Mwezi Aprili 2009 Seneti iliamua kwa kura 67 dhidi ya 31 kwamba mfumo wa vibali usipitishwe kwa njia ya bajeti, na Wademokrati 26 walikuwa miongoni mwa hao 67. Tena mlango wenyewe una kizingiti kiitwacho Kanuni ya Byrd, kwa jina la mzee yule yule wa West Virginia, kinachozuia jambo lolote ambalo athari yake kwa hesabu za serikali ni ya kando tu, si lengo lake kuu. Amri ya "kiwanda kisizidishe moshi" hukwama hapo. Unafuu wa kodi kwa anayejenga mtambo wa upepo hupita.

Joe Manchin, aliyechaguliwa mwishoni mwa 2010 kukalia kiti cha Byrd, alijitambulisha kwa wapiga kura kwa tangazo la televisheni ambamo anatia risasi kwenye bunduki, analenga shabaha, na shabaha ni nakala ya muswada wa vibali. Karatasi inatobolewa katikati. Miaka kumi na mmoja baadaye ndiye aliyekuwa na nauli mkononi. Mwezi Oktoba 2021 alikataa mpango wa dola bilioni 150 wa kuzilipa kampuni za umeme zinazoongeza nishati safi na kuzitoza faini zinazozembea. Mwezi Desemba alikataa muswada mzima wa chama chake. Na tarehe 27 Julai 2022, wengi wakiwa wamekwisha kukata tamaa, akatangaza kwamba amekubaliana na Chuck Schumer, kiongozi wa wengi katika Seneti, juu ya muswada mpya. Michepuko yake inasomeka ndani ya sheria: kwa miaka kumi serikali haiwezi kutoa vitalu vya upepo baharini bila kwanza kunadi ekari milioni 60 za mafuta na gesi katika mwaka uliotangulia.

Inafaa tahadhari kidogo. Mfano wa basi umejengwa juu ya safari mbili tu, na katikati yake bei ya umeme wa jua na upepo ilishuka sana, jambo ambalo pekee lingeweza kubadili mengi. Abiria aliyesita hakuwa mmoja pia: Kyrsten Sinema wa Arizona alipata dola bilioni 4 za kukabili ukame kabla ya kupanda, ingawa ubishi wake mkubwa ulikuwa wa kodi. Na ikiwa Manchin alisukumwa na jimbo lake au na kampuni ya makaa aliyoianzisha, iliyoendelea kumpa gawio, kura zake haziwezi kutuambia, kwa kuwa vyote viwili vinavuta upande mmoja.

Sheria ilipita Seneti tarehe 7 Agosti 2022 kwa kura 51 dhidi ya 50. Manchin alikihama chama mwaka 2024 na hakugombea tena. Tarehe 1 Julai 2025 Warepublican wa Seneti waliingia kwa mlango ule ule wa bajeti na kukata sehemu kubwa ya unafuu wa kodi za upepo, jua na magari ya umeme, tena kwa 51 dhidi ya 50, kwani kilichoingia kama mstari wa kodi hutolewa kama mstari wa kodi. Safari hii aliyekuwa ameshika nauli mpaka dakika za mwisho, akajadiliana usiku kucha kwa ajili ya jimbo lake, kisha akapanda, alikuwa Lisa Murkowski wa Alaska.