Mtoto amevunjika kiwiko, naombwa aingie kwenye utafiti: nifanyeje?

Msimu wa maembe ukifika, watoto wanaanguka mitini na wodi ya mifupa inajaa. Hilo tumelizoea. Nisilolizoea ni mzazi anayeletewa fomu ya ridhaa, akisikia "utafiti" anamfunga mtoto khanga shingoni na kuondoka naye. Akirudi, vidole vimeshakauka. Maswali haya naulizwa kila mara, nayajibu hapa.

Kiwiko cha mtoto huvunjika wapi?

Mara nyingi ni mfupa wa juu wa mkono, pale juu kidogo ya kiwiko, mtoto anapoanguka akitanguliza kiganja. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 5 hadi 7. Mbele ya mfupa huo unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva inayoendesha vidole. Ndiyo maana tunapapasa mapigo ya damu na kumwambia mtoto akunje vidole kabla hata hajaenda eksirei.

Utafiti wenyewe ni wa kitu gani?

Wa kujua tiba ipi ni bora kati ya tiba ambazo tayari zinatumika. Uingereza, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Oxford kiliongoza utafiti uitwao SCIENCE kwa watoto wa miaka 7 hadi 15 waliovunjika kinundu cha ndani cha kiwiko. Wengine walifanyiwa upasuaji, wengine wakafungwa bila kupasuliwa, kwa sababu madaktari walikuwa wamebishana miaka mingi bila jibu. Mwingine, FORCE, ulihusu watoto 965 wenye mbonyeo mdogo wa mfupa karibu na kifundo cha mkono. Matokeo yalitoka mwaka 2022: waliopewa bandeji laini na waliofungwa kitu kigumu, maumivu yao baada ya siku 3 yalikuwa sawa. Bila wazazi waliokubali, watoto wangeendelea kufungwa vitu vigumu bila sababu.

Kwa hiyo mwanangu atajaribiwa kama panya?

Hapana. Anapata tiba ambayo daktari angeweza kumpa hata kama utafiti usingekuwepo. Tofauti ni kwamba kompyuta ndiyo inayopanga nani aingie kundi lipi, ili daktari asipendelee. Na utafiti wa namna hii hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitishe; hapa Tanzania kibali cha taifa hutolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtoto ambaye mkono wake haupati damu hasubiri kompyuta wala fomu. Anakwenda chumba cha upasuaji.

Nikikataa, atanyimwa matibabu?

Hapana. Kataa utafiti, usikatae matibabu. Sema "sitaki" mbele ya nesi, mbele ya daktari, mbele ya mtafiti, halafu mtoto abaki kitandani atibiwe kama wengine. Huhitaji kueleza sababu. Ukikubali leo na kesho ukabadili mawazo, unajitoa, na matibabu yanaendelea.

Basi nimpeleke kwanza kwa mkandaji wakati natafakari?

Usimpeleke. Nasema tena, usimpeleke. Kiwiko kilichovunjika hakikandwi, hakichuliwi kwa mafuta ya moto, hakifungwi vijiti na matambara. Mkono unavimba kwa ndani. Ukiukaza kwa kamba, damu haishuki. Misuli ya mkono huanza kufa ndani ya saa chache, na ikishakufa hairudi. Vidole vinajikunja kama kucha za ndege, na mtoto hawezi tena kushika kalamu wala kufunga kifungo cha shati. Huko kukanda nako kunaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli, kiwiko kikagoma kukunjuka.

Lakini shemeji yangu aliungwa na mkandaji akapona.

Kuna mivunjiko ambayo mifupa haikusogea, nayo huunga hata ikiachwa itulie tu. Mkandaji akapata sifa. Wewe kwa macho huwezi kujua wa mwanao ni upi, naye hawezi. Eksirei ndiyo inayoonyesha. Usiogelee kwa bahati ya shemeji yako.

Dalili gani zisisubiri asubuhi?

Maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, au mtoto kupiga kelele ukimnyoosha vidole. Vidole vya baridi, vilivyopauka, vyenye ganzi, au visivyokunjika. Hata kama ameshafungwa plasta na sisi wenyewe hospitalini, rudi usiku huohuo. Usitoboe plasta, usimpe dawa ya kulala. Rudi.

Kabla sijasaini niulize nini?

Uliza makundi ni yapi na kila moja lina hatari gani. Uliza marudio ni mangapi, nauli inarudishwa au la, jina la mtoto litahifadhiwaje. Fomu iwe ya Kiswahili, nakala moja ubaki nayo, na iwe na simu ya kamati ya maadili. Kama husomi, akusomee mtu wako unayemwamini mkiwa wote. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe; akisema hataki, msimlazimishe. Anayekuharakisha usaini bila kukujibu, mkatalie.

Ameshafungwa vijiti tangu jana, naogopa kugombezwa.

Fungua hizo kamba sasa hivi, taratibu, usiunyooshe mkono. Uutegemeze kwa kitambaa jinsi ulivyo, usimpe chakula kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi, panda bodaboda au gari lolote lililopo mje. Mapokezi waambie alifungwa saa ngapi na vidole vilianza kufa ganzi lini. Hayo mawili ndiyo tunayahitaji kutoka kwako.