Matone kwenye kasha la boti si lazima yawe yamevuja

Ukikuta asubuhi matone chini ya mfuniko wa kasha la kuwekea vifaa kwenye boti ya faiba, utaambiwa inavuja, ongeza silikoni. Mara nyingi hakuna tundu lolote. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Usiku faiba ikipoa, hewa inayoigusa hushindwa kuubeba wote, na ziada hugeuka matone. Ukiziba zaidi, unaufungia unyevu ndani.

Hakikisha hivi: pandisha boti nchi kavu usiku usio na mvua, futa kasha, funga. Yakionekana maji, hayakutoka baharini.

Mchochezi anayesahaulika ni chumvi. Kamba ya boti iliyolowa maji ya bahari na kuwekwa kashani huonekana kavu mchana, lakini unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi huunyonya na kamba inalowa upya. Kuianika tu ni kazi bure. Isuuze kwanza kwa maji matamu. Kasha lenyewe litobolewe matundu mawili ya hewa, moja chini, jingine juu upande wa pili, na vifaa vikae juu ya vichanja vya mbao.