Riboni: mtoto wa bandia aliyezaliwa upya

Juzi nimeliona tena tangazo lile. Mwanasesere wa plastiki ngumu, macho yanafumba akilazwa, nywele za nailoni zimepangwa mistari kichwani kama shamba la mahindi, na chini ya picha: "Riboni original, bei poa." Nimezoea kupita kimya. Safari hii vidole viliwasha.

Riboni ni mwanasesere wa vinaili, yaani plastiki laini, ambaye fundi amempaka rangi kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, akampandikizia nywele na kumjaza uzito, mpaka ukimbeba unajikuta umemshika shingo asije akadondosha kichwa. Maana ndiyo hiyo, tusipoteze muda. Shida yangu iko kwenye neno lenyewe.

Limetoka kwenye Kiingereza, reborn, yaani aliyezaliwa upya. Kwetu tafsiri hiyo inachekesha, kwa sababu aliyezaliwa mara ya pili ni mlokole, na mwanasesere hana dhambi ya kutubu. Lakini lisikilize vizuri. Mtu hasemwi amezaliwa upya kama hakuwa kitu kingine kwanza, na riboni wa mwanzo walikuwa kitu kingine kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Marekani, wakusanyaji wa wanasesere walianza kuwachukua watoto wa vinaili wa kiwandani na kuwafumua. Wale wa kampuni ya Berenguer, yenye asili ya Hispania, walipendwa sana kwa kazi hii, kwa kuwa nyuso zao zilichongwa vizuri kuliko zilivyopakwa. Wakawatenganisha viungo, wakawafuta rangi ya kiwandani kwa asetoni, ileile ya kufutia rangi ya kucha, wakawang'oa macho na kuanza moja. Mwanasesere wa dukani akaondoka, akaja mwingine kwenye umbo lilelile. Miaka ya 2000 ilipoingia wakawa wanauzwa eBay, soko la mtandaoni, na jina likatembea dunia nzima.

Baadaye wachongaji wakaanza kutoa vipande vitupu: kichwa, mikono na miguu, bila rangi, bila macho, bila kiwiliwili. Mafundi wenye wivu na maneno wakasema huyu hajazaliwa upya, huyu ndiyo kwanza anazaliwa, wakamtungia neno lake, newborning. Hoja yao ilikuwa na mantiki, ila watu waliendelea kusema riboni kwa wote wawili, na mimi hapo sigombi. Nagombana na anayeliondoa fundi kabisa. Ukisema "amezaliwa upya", swali linafuata lenyewe: kazalishwa na nani? Wenzetu wa Brazil wamelishika hilo vizuri. Huko fundi wa riboni huitwa cegonha, yaani korongo, yule ndege wa hadithi za Ulaya anayeleta watoto. Mwaka 2025 madiwani wa Rio de Janeiro walipitisha hata siku ya kuwaenzi makorongo hao, meya akaikataa. Sisi tungesema mkunga. Mashine ya kiwandani inayonyunyizia nyuso mia kwa saa rangi moja ya waridi mashavuni haijamzalisha mtu.

Hapo kuna kituko kingine. Mtu akiniuliza, "Huyu ni riboni au ni bandia?" nashindwa nianzie wapi. Bandia ndilo neno la zamani la mwanasesere kwenye Kiswahili: mtoto wa bandia, wa matambara, wa kuchezewa na wasichana uani. Kamusi bado zinalo kwa maana zote mbili, mwanasesere na kitu kisicho halisi. Siku hizi bandia limebaki la noti na dawa. Kwa hiyo kila riboni ni bandia, awe wa elfu thelathini au wa milioni mbili.

Na silikoni ni jambo jingine kabisa, jamani. Mtoto wa silikoni ni laini mwili mzima, ukimbonyeza paja linarudi polepole kama nyama. Rangi ya riboni wa vinaili haishiki kwenye silikoni. Ukiipaka itabanduka, kwa hiyo silikoni hupakwa kwa rangi iliyochanganywa na silikoni yenyewe. Anayeanza akinunua vifaa vya huyu kwa ajili ya yule ametupa pesa.

Sasa kupaka kwenyewe, ambako ndiko neno linakopata haki yake. Anayeanza hudhani kazi ni kumpa mtoto rangi ya ngozi. Mimi nilidhani hivyo. Nilichagua kahawia niliyoipenda, nikaupaka mkono wa kwanza mara moja, nikauingiza kwenye oveni. Ulitoka kama kiatu kilichopigwa kiwi. Vinyweleo vilivyochongwa kwa taabu vilikuwa vimezibwa, mikunjo ya vidole haionekani. Nikakaa na asetoni na mswaki mchana mzima kuutoa ule uchafu, na harufu ikanibakia kichwani hadi usiku.

Ngozi ya mtoto mchanga si rangi moja. Ni kitu chembamba unachokiona na kilicho chini yake. Ndiyo maana wanaojua huanza na vile ambavyo mtu hatarajii: samawati iliyofifia sana kwenye mishipa ya panda la uso, zambarau kidogo kwenye mikunjo, wekundu kwenye visigino na magoti. Rangi hulainishwa kwa thina mpaka iwe kama chai iliyozidi maji, halafu hugongwagongwa kwa kipande cha sponji ya vipodozi, si kuburuzwa kwa brashi. Rangi za mafuta zinazotumika sana hazikauki zenyewe. Zinangoja joto la nyuzi 130 za Selsiasi hivi kwa dakika chache. (Oveni hiyo isiwe ya mkate tena. Na dirisha liwe wazi.) Kipande kikipoa, tabaka lingine, na lingine, kumi na tano, ishirini. Kila moja peke yake karibu halionekani, na linalosumbua mwanafunzi ni hilo: unapaka jioni nzima na unaona hujafanya kitu. Nywele huja mwisho, manyoya ya mbuzi wa Angora, unyoya mmoja au miwili kwa kila tundu la sindano, kazi ya wiki kadhaa. Kisha chembe za kioo na pamba kwenye kiwiliwili cha kitambaa mpaka afike kilo tatu.

Masomo mengi utakayoyakuta yamefanywa kwa watoto wa Kizungu. Ukiyafuata neno kwa neno kisha ukamwagia kahawia juu, utapata mtoto wa rangi ya majivu. Bora umtazame mtoto wa jirani. Bibi zetu walijua pa kutazama: ukitaka kujua mtoto atakuwa mweusi kiasi gani, angalia ncha za masikio na ngozi inayozunguka kucha. Hapo ndipo weusi unapotangulia, na hapo ndipo sponji yako itangulie. Viungo vya vidole huiva zaidi kuliko vidole vyenyewe. Viganja na nyayo hubaki vyeupe vyenye wekundu, na mpaka wake pembeni mwa mguu haunyooki kama mstari wa rula. Lile baka la kijivu-samawati juu ya makalio, ambalo watoto wetu wengi huzaliwa nalo, ningelipenda sana, ila riboni wengi kiwiliwili chao ni kitambaa, halina pa kukaa.

Kazi hii ikifika mwisho wake inadanganya macho kweli. Mwaka 2016, mjini Keene huko New Hampshire, Marekani, polisi alivunja kioo cha gari lililoachwa juani ili amwokoe mtoto aliyelala kitini. Alikuwa riboni. Mwanasesere wa lile tangazo asingevunjiwa kioo na mtu yeyote.

Hata hivyo yule wa tangazo sitaki kumtukana. Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani kwetu alikuja na mmoja wa aina hiyo chini ya kanga, amemnunulia mjukuu, anataka nimhakikishie kwamba ni riboni kama alivyoambiwa. Nilimgeuza, nikabonyeza shavu. Kichwa kilikuwa cha vinaili, si plastiki ngumu kama nilivyohofia, na chini ya ile rangi ya waridi kulikuwa na sikio lililochongwa vizuri, mikunjo yote ipo.

"Bado, mama," nikamwambia. "Hajawa. Mlete Jumamosi asubuhi, uje na asetoni, tuanze kumvua hii rangi."

Akaniuliza kama amwoshe kwanza.