Yogati kwa mbwa: kijiko kimoja, na isiwe ya vanila

Mbwa akiharisha, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani, iwe Nakuru au Kisumu, ni "mpe mala" au "mpe yogati." Ushauri huo hauna ubaya, ila mara nyingi unatolewa kwa tatizo ambalo yogati hailiwezi. Haiui minyoo, haizuii parvo (ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa, hasa wadogo), wala haitoi mwilini sumu ya unga ulioota ukungu. Ni chakula, chenye msaada mdogo kwa tumbo lililovurugika kidogo.

Tuanze na maziwa yenyewe. Mbwa aliyeacha kunyonya huwa na kimeng'enya kidogo cha kuvunja laktosi, ile sukari ya maziwa. Ukimmiminia kikombe cha maziwa, laktosi inafika utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, na asubuhi unapata uharo wenye gesi. Kwenye yogati na mala, sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria. Ukiitundika yogati kwenye kitambaa safi usiku kucha, ile maji ya kijani-njano inayodondoka inaondoka na laktosi zaidi. Mbwa mwenye tumbo jepesi mpe hiyo iliyochujwa.

Kazi kubwa iko dukani. Yogati nyingi kwenye friji za hapa ni za vanila au stroberi, zimejaa sukari. Tafuta isiyo na ladha wala sukari, yenye maandishi kwamba ina bakteria hai. Iliyopashwa moto baada ya kuganda ili ikae miezi bila friji, bakteria wake wamekufa. Zile zinazojisifu kuwa hazina sukari, soma viungo mpaka mwisho: ukiona zailitoli (xylitol, au E967, kitu cha kutia utamu badala ya sukari), rudisha. Kiasi kidogo tu hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja: anatapika, anayumba, anaanguka, na ini linaweza kuharibika. Zenye zabibu kavu au chokoleti pia ni sumu kwake.

Huamini kama ni hai? Ipime. Chemsha lita moja ya maziwa, iache ipoe hadi nyuzi 43 hivi (kidole safi kinavumilia ukihesabu hadi kumi), koroga vijiko vikubwa viwili vya yogati, funika, funga sufuria kwa blanketi. Ikiganda baada ya saa 6 hadi 8, bakteria wako hai. Nakuru usiku ni baridi, kwa hiyo ongeza blanketi la pili. Kisumu inaganda upesi, na ukichelewa inakuwa chachu kupita kiasi. Ikibaki maziwa tu, umenunua uji mtamu.

Kosa ninaloliona sana ni kumwaga yogati juu ya ugali unaotoa moshi. Joto hilo linaua ulichokilipia. Ngoja ugali uwe wa kushikika bila kukuunguza.

Vipimo: mbwa wa chini ya kilo 5, kijiko kimoja cha chai kwa siku, kilo 5 hadi 20, kijiko kikubwa kimoja, zaidi ya hapo, viwili au vitatu. Siku tatu za kwanza toa robo ya hicho na uangalie kinyesi. Kikilainika au tumbo likianza kunguruma, acha. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe yogati yenye mafuta mengi.

Na hili la doksisaiklini, antibiotiki anayopewa mbwa mwenye homa ya kupe. Huku kwetu homa ya kupe ni nyingi, na watu hupenda kuficha kidonge ndani ya yogati. Kalisi ya maziwa hushikamana na dawa na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Kifiche kwenye tonge la ugali na nyama, mpe maji baadaye ili kisikwame kooni, na yogati isubiri saa mbili au zaidi.

Probayotiki, yaani vijidudu hai vya kusaidia tumbo, ya unga au kidonge ni jambo jingine. Bakteria wa yogati wengi hufa kwa asidi ya tumbo na nyongo, na wanaopita hawafanyi makao kwenye utumbo wa mbwa. Za mbwa huchaguliwa aina zake, kwa mfano Enterococcus faecium, na pakiti nzuri huandika jina kamili la aina, idadi ya vijidudu hai kwa kila dozi (kwa kawaida mamia ya milioni hadi mabilioni) na tarehe ya mwisho. Pakiti iliyokaa dirishani kwa agroveti jua likiipiga, mimi siinunui. Mbwa akiwa kwenye antibiotiki, tenganisha kwa saa mbili. Saccharomyces boulardii ni hamira, kwa hiyo antibiotiki haiiui, ila usimpe mbwa ambaye kinga yake imedhoofika sana.

Sasa chanzo cha kuharisha. Mahindi yaliyooza "ya kupikia mbwa" ndiyo ninayoyashuku kwanza. Mbwa ni dhaifu sana mbele ya aflatoksini, sumu ya ukungu: anakataa chakula, anatapika, fizi na macho yanageuka manjano. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Cha pili ni minyoo, hasa safura, inayomfanya mtoto wa mbwa awe na fizi nyeupe. Cha tatu ni mabaki ya nyama choma yenye mafuta.

Usisubiri yogati ifanye kazi kama kuna damu kwenye uharo, kutapika kunakorudia, mtoto wa mbwa asiyechanjwa, uharo uliopita siku moja, au ngozi ya shingo ukiivuta inachelewa kurudi. Unapokwenda kwa daktari wa mifugo, beba kinyesi kibichi cha siku hiyo, kijiko kimoja cha chai kinatosha, kwenye kopo lenye kifuniko. Kichote juu juu. Kikichanganyika na udongo, minyoo ya ardhini itaonekana kwenye hadubini na kuvuruga majibu.